Wanyama Wetu wa Neopets Wangali Hai?

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na mdogo wangu tulipokuwa wanafunzi, kwenye miaka ya 2000, tulikuwa tukifuga wanyama wa kubuni katika tovuti ya michezo ya Neopets kila tulipotoka shuleni. Hivi karibuni nimesikia kwamba tovuti hiyo imedorora sana. Naomba kujua kilichoifikisha hapo, na kama wanyama tuliowaacha bila chakula miaka yote hiyo wangali hai.
Msomaji wenu, Toronto, Kanada

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na wanyama wenu, kwani nadhani hao ndio waliokufanya ushike kalamu. Mnyama wa Neopets hafi. Akikosa chakula kwa muda mrefu, ukurasa wake hueleza kwamba yu mahututi kwa njaa, na katika hali hiyo hubaki hata ipite miaka ishirini. Basi ikiwa akaunti yenu bado ipo na mnaweza kuingia, mtawakuta. Hata kama hamna Neopoints, yaani fedha za humo, za kununulia chakula, nendeni kwenye kile kimanda kikubwa cha Tyrannia, mojawapo ya nchi za kubuni za tovuti hiyo, ambako kila mchezaji huchukua kipande kimoja bure kwa siku, na kipande hicho huliwa kwa awamu tatu.

Tovuti yenyewe ilifunguliwa Novemba 1999 na Waingereza wawili, Adam Powell na Donna Williams. Mwaka 2005 kampuni ya Viacom ya Marekani iliinunua kwa dola milioni 160. Mwaka 2014 ikaiuza kwa kampuni ya JumpStart, nayo JumpStart ikanunuliwa na NetDragon ya China mwaka 2017. Wengi husema kwamba simu janja na mitandao ya kijamii ndiyo iliyowavuta watoto kwingine, na ni kweli kwamba tovuti ile ilijengwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani. Lakini mimi naona sababu hiyo haitoshi, kwa kuwa wachezaji wengi walibaki wakiwa watu wazima, na waliobaki ndio walioumizwa zaidi na matengenezo yaliyoahirishwa mwaka hadi mwaka.

Mfano ulio wazi ni Flash, programu iliyoendesha michezo mingi ya humo. Julai 2017 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba ingeacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020, yaani wenye tovuti walipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa. Muda ulipokwisha, sehemu kubwa ya michezo ilikuwa haijahamishwa, na Januari 2021 Flash ilipozuiwa kabisa, michezo hiyo ikaacha kufunguka. Hasara hiyo ilizidi burudani, maana michezo ndiyo iliyokuwa kazi ya mchezaji: alicheza akalipwa Neopoints, na kwa Neopoints hizo akanunua chakula, vitabu, na brashi za rangi za kumbadilisha mnyama wake. Mtoto asiye na fedha halisi za kutumia humo alikuwa akijitegemea kwa njia hiyo.

Mwaka huohuo wa 2021, wakati wachezaji wakisubiri michezo yao irudishwe, ulitangazwa mradi wa kuuza picha za wanyama hao kwa mfumo wa NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki zinazouzwa kwa fedha. Wachezaji waliupinga vikali, na nadhani walikuwa na haki: waliomba nyumba itengenezwe paa, wakaletewa hati za kununua matofali.

Matumaini yamerudi kwa kiasi. Mwaka 2023 JumpStart ilifungwa, na Neopets ikawa kampuni inayojitegemea chini ya uongozi wa Dominic Law; mradi ule wa NFT ukaachwa, na michezo kadhaa ya zamani ikarejeshwa kwa kutumia Ruffle, programu inayoiga kazi ya Flash. Msitarajie kuikuta kama mlivyoiacha, lakini ina watu wanaoishughulikia.

Kabla ya kuwalisha wanyama, lipo jambo moja la lazima. Mwaka 2022 tovuti hiyo ilidukuliwa, na taarifa za akaunti takriban milioni 69 zikaibwa, zikiwemo anwani za baruapepe na tarehe za kuzaliwa. Ikiwa nywila mliyotumia enzi hizo bado mnaitumia kwenye baruapepe au benki, ibadilisheni huko kwanza, kisha mweke nyingine mpya kwenye Neopets.