Fomu ya ridhaa ikisomwa Likoni

Fomu ya ridhaa ni karatasi anayosomewa mtu kabla ya kukubali kushiriki utafiti, na kuna maneno mawili yanayoiharibu huku Pwani: dawa bandia. Kwenye karatasi ya mtafiti hicho ni kidonge kisicho na dawa, wanachopewa watu wa kundi moja ili matokeo yalinganishwe. Kwa mama wa Mtongwe, dawa bandia ni ile ya magendo, ambayo ikikamatwa huchomwa. Ukimsomea kwamba huenda mwanawe akapewa dawa bandia, ama atakufukuza, ama atatia sahihi kwa heshima kisha asionekane tena. Andika "kidonge kinachofanana na dawa lakini ndani hakina dawa". Maneno ni mengi zaidi, na yote yanafahamika.

Tunawaandikia wanaoandaa utafiti wa afya Mombasa, hasa wanafunzi wa uzamili wanaoachiwa kutafsiri fomu wiki moja kabla ya kuipeleka kwa kamati ya maadili, ile inayoidhinisha utafiti. Fomu ndiyo sehemu ya maadili ambayo mshiriki anaisikia kwa masikio yake. Mengine yanabaki kwenye faili.

Tuanze na damu. Kiasi kiandikwe kwa kipimo cha jikoni: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, mililita 10 ni viwili. Usiandike "kutoa damu", maana hayo ni maneno ya kumchangia mgonjwa, na mfuko wa kuchangia huchukua kama mililita 450, yaani vijiko 90. Andika "tutachukua damu kidogo ya kupima", kisha beba kichupa kitupu umwonyeshe mtu, akishike mwenyewe. Hadithi za mumiani hazijafa huku. Anayezicheka hajaulizwa na bibi wa Kisauni: damu inayobaki mkishapima mwaipeleka wapi? Swali hilo ni la haki, tena ndilo lile lile ambalo kamati itakuuliza: itahifadhiwa wapi, miaka mingapi, itasafirishwa nje ya Kenya au la, na nani ataruhusiwa kuitumia kwa utafiti mwingine. Jibu liwe kwenye fomu. Ridhaa ya kuhifadhi damu iwe na visanduku vyake vya ndiyo na hapana, ili mtu aweze kukubali kupimwa na akakataa kuhifadhiwa.

Neno "siri" nalo lina mtego. "Habari zako zitakuwa siri" humfanya mtu ajiulize kuna aibu gani ya kufichwa. Eleza kinachofanyika: "Kwenye karatasi ya majibu hatutaandika jina lako, tutaandika nambari. Daftari lenye majina linafungiwa kabatini, na wenye ufunguo ni wawili." Halafu iwe kweli. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la data nyeti, na bado utaona picha ya fomu iliyojazwa ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp la timu, eti msimamizi aone kazi inaendelea. Ndivyo siri zinavyovuja, kwa nia njema kabisa.

Na "uchunguzi"? Hospitalini, uchunguzi ni kupimwa ili utibiwe. Mtu aliyekuwa kwenye foleni ya kliniki, akaitwa na kijana wa koti jeupe, anaamini yuko kwenye matibabu. Vua koti. Sentensi ya kwanza iwe: "Huu ni utafiti, si sehemu ya matibabu yako. Ukikataa, utahudumiwa vile vile."

Kamati nyingi hutaka fomu itafsiriwe, kisha mfasiri wa pili airudishe kwa Kiingereza. Fanya, lakini usilale ukidhani umemaliza. Mfasiri wa pili ni msomi kama wewe. Akiona "dawa bandia" anajua ulichokusudia, anairudisha sawasawa, na kosa linapita bila kuonekana. Kipimo cha kweli ni watu watano au sita wasiofanya kazi ya afya: muuza samaki, dereva wa tuktuk, mwalimu wa madrasa. Wasomee aya moja moja, waieleze kwa maneno yao. Wanapokwama watatu, aya ni mbovu. Fomu ya kurasa 10 ikisomwa kwa sauti inakula zaidi ya nusu saa, na hakuna anayesikiliza nusu saa huku mtoto analia. Kata.

Ukibadilisha hata neno moja baada ya fomu kuidhinishwa, toleo jipya lirudi kwa kamati kwanza. Kosa la kawaida mashinani ni timu kubeba toleo la zamani kwa sababu lilichapishwa kwa wingi. Nambari ya toleo na tarehe ziwe chini ya kila ukurasa, na nakala za zamani zichanwe siku hiyo hiyo. Kibali cha kamati na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, vitangulie mshiriki wa kwanza. Kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kufanywa. Kama ni majaribio ya dawa, kuna kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu pia.

Siku ya kazi yenyewe, usiulize "umefahamu?" Jibu ni "ehe", daima. Uliza: "Ukirudi nyumbani, shangazi akiuliza hawa walitaka nini, utamwambiaje?" Na tena: "Wiki ijayo ukichoka na sisi, dawa zako za kliniki zitakuwaje?" Akijibu kwamba zitakatwa, rudia tangu mwanzo.

Mzee wa mtaa akikukaribisha, amekufungulia mlango tu. Hajaridhia kwa niaba ya mtu yeyote. Mama akisema atamuuliza baba watoto kwanza, mpe siku mbili, umwachie karatasi. Ila kama utafiti ni wa Virusi vya Ukimwi au wa wanawake wanaopigwa, karatasi yenye kichwa hicho ikikutwa chini ya godoro ni hatari. Tumia kichwa kisichotaja jambo, au nakala yake itunzwe kliniki akipenda. Asiyejua kusoma aweke alama ya kidole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako.

Pesa: feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, matatu si bure. Hesabu nauli ya kwenda na kurudi, halafu hesabu muda. Ukimshika muuza mahamri kuanzia saa moja mpaka saa tano asubuhi, umechukua mauzo ya siku nzima. Kiasi kionekane na kamati, kilipwe hata kwa anayejitoa katikati. Ramadhani utaulizwa kama kuchukuliwa damu kunabatilisha saumu. Panga baada ya futari, mambo yaishe.

Kwenye kuchapisha, masharti manne ya kuhesabiwa mwandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, hutumiwa vibaya kumfuta mkusanyaji data kwenye orodha ya waandishi: "hakuandika." Mwongozo huo huo unataka kila aliyechangia kwa uzito apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuhakiki, kwa hivyo mtumie rasimu, mpe na muda. Jarida linalokuandikia sifa tele na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, lifute.

Na kabla ya makala kutoka, ukurasa mmoja wa matokeo urudi Likoni, kwa lugha ile ile ya fomu. Kama uliomba kijiko kimoja cha chai, ukurasa useme kijiko kile kilionyesha nini.