Leza ya varisi: je, nirudi Bukavu siku ileile?

SWALI: Jambo Mama Muuguzi. Ninauza vitenge sokoni Kadutu, nasimama tangu asubuhi hadi jioni, na varisi (mishipa ya damu iliyovimba) za mguu wa kushoto zimetokeza kama kamba. Mwezi ujao nitachomwa kwa leza Kigali. Mdogo wangu anataka turudi na basi siku ileile kwa sababu hoteli ni pesa. Jirani naye anasema leza inaunguza ngozi. Tena natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Nifanyeje nisipate matatizo? (Mama wa Vitenge, Kadutu)

JIBU: Mama, jirani yako hajatunga. Leza ni joto. Uzi mwembamba unaingizwa ndani ya mshipa na kuuchoma mpaka ujifunge. Joto hilo likitoka nje ya mshipa laweza kuunguza ngozi au neva. Ndiyo maana daktari, akitazama ekografi (mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti), huuzungushia mshipa maji yenye dawa ya ganzi kabla ya kuwasha leza. Sindano zitakuwa nyingi. Usimwombe azipunguze, maana maji hayo ndiyo yanayokukinga.

Mimi ninachoogopa ni lile basi. Damu ikiganda katika mishipa ya ndani ya mguu, donge laweza kukatika na kupanda hadi mapafuni, na kukaa saa nyingi umekunja magoti mpaka uumalize msitu wa Nyungwe kunaiongezea damu nafasi ya kuganda. Lala Kigali, hata kama ni mkeka sebuleni kwa ndugu. Muulize daktari siku ya kusafiri, na umwombe ekografi ya kuhakikisha damu haijaganda kabla hujaondoka. Garini kaa karibu na njia, chezesha vifundo vya miguu, shuka kila basi linaposimama. Na unywe maji! Najua akina mama hukataa kunywa kwa kuogopa choo cha njiani.

Siku hiyohiyo ya leza, inuka utembee. Soksi za kubana vaa kwa muda utakaoambiwa, wala usikunje ukingo wake wa juu, utaufunga mguu. Wiki za mwanzo weka kiti kwenye meza yako ya vitenge, kisha kila mara uinuke uzunguke kidogo. Michubuko, na kamba ngumu inayovuta pajani, ni kawaida. Usiikande kwa mafuta ya moto. Lakini mguu ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikikatika au kifua kikibana, usingoje hata dakika.

Vidonge vyako mtajie daktari sasa, si siku ya leza. Vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Mwambie pia kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata donge. Ila usiviache kimyakimya: ukishika mimba, leza itaahirishwa, na mimba yenyewe inazidisha varisi.