Nilivyoacha kunywa mafuta ya nazi kama dawa

Jamani hii naiandika kwa kuwa naona watu bado wanashauriana vijiko vya mafuta ya nazi asubuhi. Mi nilifanya hivyo miezi minne, kijiko kikubwa kwenye kahawa na kingine mchana kwenye mboga, nikiamini yanakata tumbo na kusafisha mishipa. Nikaenda kupima damu, LDL, ile kolesteroli mbaya, imetoka 3.1 imefika 4.2, na uzito uko palepale. Daktari hata hakuanza na nyama au mayai, aliuliza tu, "Unapikia nini?"

Niliporudi nikatoa mzani wa jikoni nikapima kijiko chenyewe. Gramu 14 hivi, na kwenye hizo kama 12 ni yale mafuta yanayoganda, ndo maana chupa ikikaa sehemu yenye baridi unaikuta nyeupe na ngumu unakwangua na kisu. Sasa WHO, Shirika la Afya Duniani, wanashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 22 tu, kwahiyo vijiko vyangu viwili vilishapitiliza na hapo sijagusa maziwa wala nyama.

Kinachochanganya watu ni zile habari za MCT, aina ya mafuta ambayo mwili unayachoma haraka kuliko mengine. Tafiti nyingi za kupunguza uzito zilitumia mafuta maalum ya MCT yaliyochujwa kiwandani, wakati ya nazi ya kawaida karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini sehemu kubwa inapita njia ileile ya mafuta mengine. Na ni kweli yanapandisha HDL, ile nzuri, ila LDL nayo inapanda, na LDL ndo inayoziba mishipa. Chama cha moyo cha Marekani, AHA, mwaka 2017 walishauri watu wasiyatumie.

Mi sijayakataa kabisa, harufu yake naipenda mno, kijiko kidogo kwenye mchuzi mara moja kwa wiki kinatosha. Kupikia kila siku nimehamia alizeti na zeituni, na baada ya miezi mitatu LDL ikarudi 3.3. Kama kwenu kuna ugonjwa wa moyo tafadhali pima kabla hujaanza, usisubiri kama mimi. Chupa iliyobaki iko bafuni, napaka nywele.