Maswali Yenu: Saumu, Uzee na Maradhi

Swali: Assalaam alaykum. Baba ana miaka 74, ana kisukari, anameza metformin asubuhi na jioni. Anasisitiza kufunga Ramadhani.

Jibu: Wa alaykum salaam. Mpelekeni kwa daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi. Akiruhusiwa, kwa kawaida vidonge huhamia futari na daku, na daku aile karibu na alfajiri, si saa sita usiku. Kujichoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipita 16.6, afungue hapo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana ya magharibi. Wengi huharibikiwa jioni: kaimati zinazochuruzika shira, uji wa sukari, mihogo ya nazi, vyote kwenye sinia moja. Aupe mwili tende moja na maji, aswali, kisha ale samaki, maharage, mboga na kipande kidogo cha muhogo.

Swali: Na daktari akimkataza moja kwa moja?

Jibu: Atoe fidia, yaani alishe maskini (Al-Baqara, aya ya 184). Kwa madhehebu ya Shafi ni mudi 1 (kipimo cha viganja viwili) ya chakula kikuu kwa kila siku. Mkiikadiria mudi kuwa gramu 750 za mchele, siku 30 ni kilo 22.5. Hiyo nayo ni ibada kamili, asione amepungukiwa.

Swali: Mama mdomo umepinda ghafla, mkono wa kulia hauinuki. Majirani wanasema ni jini, wameleta kombe. Tuanze na lipi?

Jibu: Hospitali, sasa hivi! Hicho ni kiharusi: mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, mara nyingi kwa presha iliyoachwa miaka. Ukiwa umeziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa hiyo andikeni alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Kombe wekeni kando. Aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa zina heshima yake, lakini koo la mgonjwa huyu limelegea, na hata maji matupu yanaweza kumwingia mapafuni. Msomeeni Qur'ani njiani. Asinyweshwe kitu mpaka apimwe kumeza.

Swali: Maradhi ni adhabu?

Jibu: Msimwambie mgonjwa hivyo. Ayubu alikuwa Nabii, na akaugua. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu humfutia madhambi.

Swali: Habasoda inarudisha ujana?

Jibu: Hapana. Mtume (s.a.w.) alihimiza tiba kwa kila ugonjwa, isipokuwa mmoja tu: uzee. Mzee mpeni yai, dagaa au kunde zilizopondwa kila mlo, maana misuli inapungua, na maji hata asipoyaomba, kwani kiu yake imefifia.