Ramirezi wa bluu tupu: subiri kwanza

Kaka, umeuliza kama ununue ramirezi wa bluu tupu, wale samaki wadogo wa mapambo. Kama tangi lako la samaki lina wiki mbili tu na maji yenyewe ni ya kisima cha Kigamboni, huko pwani, waache dukani kwa sasa. Ni wazuri, sikatai. Ila bluu ile ya mwili mzima haipo kwa ramirezi wa porini. Imetokana na wafugaji kuchagua rangi na kuzalisha ndugu kwa ndugu, ndiyo maana wengi wao ni dhaifu kuliko ramirezi wa kawaida. Na huyo wa kawaida naye anadeka: kwao ni bonde la Orinoco, Venezuela na Kolombia, maji laini, yenye asidi kidogo, joto la nyuzi 27 hadi 30. Visima vya pwani mara nyingi vina chokaa na chumvi.

Tangi likishakomaa, vipimo vya amonia na nitriti, yaani sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, vikabaki sifuri kwa wiki kadhaa, na ukapata maji ya mvua masafi ya kuchanganyia, hapo sawa. Muulize muuzaji samaki wamekaa kwake muda gani. Wakiwa wamefika dukani jana tu, usiguse. Mwombe awalishe mbele yako. Anayetema chakula, aliyebonyea tumbo au anayejificha pembeni akihema haraka, huyo hapana, hata akikupunguzia bei.

Kama shida yako ni rangi tu, mtafute leleupi, samaki wa njano wa Ziwa Tanganyika. Maji magumu, yaani yenye chokaa, ndiyo kwao, ila pima chumvi kwanza, na ujue ni mgomvi.