Rola zinakufa, na grisi naweka kila Jumamosi

SWALI: Shikamoo Fundi. Naendesha loda ndogo ya mikanda ya mpira. Kazi yangu kubwa ni kuchota mchanga na kifusi na kupakia kwenye lori. Ndani ya miezi minane nimebadilisha rola tatu za chini, yale magurudumu madogo yanayokanyaga ndani ya mkanda na kubeba uzito wa mashine, zote za kushoto, na sasa ya nne imeanza kulia. Bosi anasema naiendesha vibaya. Mimi nashangaa, maana kwa matunzo sina ubahili: kila Jumamosi naziwekea rola grisi kwenye ile nipeli ya ubavuni, kile kichuchu cha kutilia grisi, pampu kumi kumi kila upande, na mikanda imekaza barabara, ukiigonga inalia kama ngoma. Je, nauziwa rola bandia? Na nibadilishe moja moja inapokufa, au nizitoe zote?
Opereta wa zamu ya asubuhi

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale: nipeli ya ubavuni. Mwanangu, ile si ya rola.

Rola za mashine nyingi za aina yako hazina hata mahali pa kutia grisi. Zimetoka kiwandani na mafuta yake ndani, zikafungwa kwa sili, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, pande zote mbili, basi. Nipeli uliyoikuta kwenye kijidirisha cha fremu ni ya silinda ya kukazia mkanda. Grisi ikiingia pale inasukuma aidla, lile gurudumu la mbele, na mkanda unakaza. Pampu kumi kila wiki! Ngoma inalia kwa sababu umeiwamba mwenyewe.

Usione haya. Mwaka wangu wa kwanza gereji nilipewa pampu ya grisi na ekskaveta ndogo, nikapampu mpaka mkono ukakataa. Mkanda ukapendeza kweli, umenyooka kama rula. Haikupita muda sili ya aidla ikaanza kuvuja, na mimi ndiye niliyetumwa kuosha yale mafuta.

Mkanda uliokazwa mno haukatiki siku hiyohiyo, ndiyo maana unadanganya. Aidla, sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha mkanda) na beringi zake zinavutwa mchana kutwa, hata mashine ikiwa haina mzigo. Rola nazo zinabanwa, na mchanga ulioingia kati yake na mkanda hauna pa kutokea, unasagwa papo hapo kama unga kwenye kinu. Mchanga una chembe ngumu, zinakula chuma.

Basi ulegeze. Inua mashine mpaka mkanda uache ardhi, uweke magogo imara chini yake, usiamini ndoo peke yake. Zungusha mkanda taratibu udondoshe udongo, kisha zima injini. Pima pengo katikati, kuanzia chini ya rola hadi uso wa ndani wa mkanda unaoning'inia. Kwenye mashine ndogo nyingi vitabu hutaka kati ya milimita 10 na 30; ya kwako ifuate kitabu chake. Kupunguza, legeza valvu ya silinda polepole, usizidishe mzunguko mmoja, nawe ukae pembeni. Grisi ya mle ndani ina nguvu ya kutoboa ngozi. Kamwe usiifungue nipeli yenyewe, na uso wako usiukabilishe nayo hata kama unataka kuona. Usilegeze kupita kiasi pia, maana mkanda uliolegea huchomoka kwenye kona, na ukichomoka unapiga kingo za rola.

Sasa, kwa nini kushoto? Hapo natamani ungekuwa hujatupa rola za zamani. Kama bado zipo nyuma ya stoo, zitoe, uzifute, uzitazame. Iliyoliwa ukingo wa upande mmoja imefanya kazi kwenye mteremko, au imesuguliwa na kona. Iliyo bapa sehemu moja iliganda, ikaburuzwa bila kuzunguka. Yenye alama ya mafuta kwenye kitovu, sili ilikufa kwanza, mengine yakafuata. Nadhani utakuta ukingo umeliwa: mtu wa kupakia lori huzoea kugeukia upande mmoja safari nzima, tena kwa kuisokota mashine palepale, mkanda mmoja mbele, mwingine nyuma. Geuka kwa mkunjo mpana, rudi kidogo kisha uende, na siku nyingine lori lisimame upande wa pili. Angalia pia pale unaposimama kuchota: ukiwa umeinama kushoto siku nzima, uzito wote uko kule.

Jioni, kabla tope halijakauka, toa udongo kati ya rola kwa koleo. Ukiona uzi, waya au kipande cha gunia kimejiviringisha kwenye ekseli ya rola, kikate hapohapo. Hicho ndicho kinachoila sili kimyakimya. Maji ya presha osha nayo fremu, lakini usiyaelekeze kwenye sili kwa karibu, utaingiza mchanga unaotaka kuutoa.

Kuhusu rola bandia, zipo, lakini rola nzuri nayo ingekufa kwa pampu zako.

Hiyo ya nne ibadilishe sasa. Inayolia ikiachwa huganda, na iliyoganda huuchana mkanda, nao ni ghali kuliko rola. Za jirani zipime kipenyo kwanza. Kama zimepungua sana, mpya ikiwa peke yake katikati yao itakuwa nene kuliko wenzake, itabeba mzigo wao, na utanirudia na barua ya rola ya tano. Hapo badilisha upande mzima. Kama tofauti ni ndogo, funga hiyo moja, kaza boliti kwa kipimo cha kitabu, na Jumamosi hiyo pampu ya grisi ipeleke kwenye pini za mkono na ndoo. Zile kweli zinaihitaji.