Risasi imetoweka majini, lakini nani kainasa?

Ukianza kusafisha majitaka yenye metali nzito kwa chembe nano (chembe ndogo mno) za kitosani, kitu kinachotolewa kwenye maganda ya kamba na kaa, au za selulosi ya mimea, utapenda asilimia ya metali iliyoondoka kabla ya kitu kingine. Mimi wiki ya pili tu nilipata 99. Risasi, yaani metali ile nzito yenye sumu (lead), ilikuwa imetoweka, nikatembea kifua mbele siku nzima, mpaka mwenzangu aliponiuliza: "Na chupa isiyo na kitosani imesomaje?"

Sikuwa nayo. Nilipoiandaa, humo nako risasi ilikuwa imepungua mno. pH, kipimo cha uasidi, ilikuwa imefika 8, na chini ya chupa kulikuwa na utando mweupe: risasi ilikuwa inageuka hidroksidi na kutuama yenyewe. Kitosani kilikuwa kinapewa sifa za bure.

Kwa hiyo weka chupa isiyo na kitosani kila mara, hata kama msimamizi wako ana haraka. Pima pH mwanzo na mwisho, kwa sababu kitosani chenyewe huipandisha. Kwa risasi mimi hukaa kwenye 5 hivi. Ukishuka sana, kitosani ambacho hakijafungwa kwa glutaraldehidi, kemikali ya kuunganisha nyuzi zake, huyeyuka na kukuachia ute. Kromiamu ya valensi 6 usiipe masharti hayo hayo: hiyo hutembea majini ikiwa na chaji hasi, na hunaswa vizuri kwenye asidi.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Chembe nano hupenya chujio la mikromita 0.45, zikaingia kwenye mashine ya kupimia pamoja na metali zilizoshikwa nazo, ukadhani hazikufanya kazi. Zizungushe kwenye sentrifuji kwanza, au zitengeneze pamoja na magnetiti uzivute kwa sumaku. Asidi ya nitriki ya kuhifadhi sampuli itie baada ya kuzitenganisha. Ukiitia mapema, metali hurudi majini na kazi yako yote imekwenda.

Halafu piga hesabu ya kinachobaki. Ukianza na miligramu 50 kwa lita, 99% inakuachia miligramu 0.5, wakati WHO kwa maji ya kunywa inataka risasi isizidi 0.01. Majitaka si ya kunywa, sawa, ila hesabu hiyo ilinipunguzia majivuno. Na hapo ni maji safi ya maabara. Yale ya kiwandani huja na kalsiamu tele, nayo inagombea nafasi zile zile kwenye chembe.